Giza Halipigi Hodi

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na umeme ukakatika karibu nchi nzima. Sisi wa Nyasho tuliamka gizani sawasawa na ndugu zetu wa Dar es Salaam. Wala haukuwa mwaka wa ukame. Mwezi mmoja tu nyuma, Machi 2024, baadhi ya mitambo ya maji ilikuwa imezimwa kwa sababu umeme ulizidi matumizi. Hivyo hapana awezaye kusema kwamba giza lile lililetwa na upungufu wa mito yetu. Umeme ulikuwapo. Njia ya kuufikisha ndiyo iliyovunjika.

Kwa wengi wetu hasara ilikuwa ndogo. Mwenye duka pale sokoni aliwasha tochi ya simu, mwenye samaki akahuzunikia barafu yake. Lakini ziko nyumba katika kila mji ambazo haziwezi kungoja mpaka fundi afike. Chumba cha kujifungulia hakingoji. Chumba cha upasuaji hakingoji. Mashine ya oksijeni haimwambii mgonjwa avumilie kidogo. Chanjo za watoto wetu zataka baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Jokofu likilala bila umeme, dawa iliyonunuliwa kwa fedha ya umma yaharibika, na wala haipigi kelele ili tujue imeharibika.

Na sisi wa Musoma tuna sababu zaidi ya kuamka mapema. Umeme wetu wasafiri mbali, kutoka Mwanza, katika laini ndefu ya kilovolti 132. Dhoruba ikiangusha kitu njiani, sisi tulio mwishoni mwa laini twalala gizani. Tena maji yetu ya bomba yatoka ziwani. Huvutwa na kusafishwa pale Bukanga, kisha yasukumwe kwa pampu mpaka kwenye matangi. Ziwa liko chini, watu wako juu; kati yao iko pampu, na nyuma ya pampu uko umeme. Umeme ukikosekana siku nyingi na matangi yakakauka, mtu aweza kukaa Nyasho akiliangalia ziwa kwa macho yake na asiwe na maji safi ya kunawa mikono. Hapo ndipo kina mama na watoto hushuka na ndoo kwenye maji machafu ya pwani. Kipindupindu hakina haja ya kualikwa mara mbili.

Tusisahau pia kwamba ziwa lenyewe halikai palepale. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hata likavuka kidogo kipimo cha 1964, na watu wengi wa mwambao walihama nyumba zao. Siku maji yakipanda hivyo tena, mitambo iliyo karibu na ufuko ndiyo itakayokuwa hatarini kwanza, nasi tutaihitaji zaidi siku hiyo kuliko siku zote.

Kama yuko anayedhani twatisha watu bure, na aangalie Unguja. Kisiwa kile kilikuwa kikipata umeme wake kutoka bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika, kisiwa kikakaa gizani muda wa karibu mwezi mmoja. Onyo lilikuwa limetolewa. Kisha tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii giza liliendelea mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu za visima zilizokuwa zikinywesha mji zilinyamaza, watu wakapanga foleni za madumu. Wenye hoteli kubwa waliwasha jenereta zao. Wanyonge waliwasha vibatari. Waya mpya mkubwa zaidi ulizinduliwa mwaka 2013. Twawapongeza ndugu zetu kwa kuupata, lakini fundisho ni hili: kati ya giza la kwanza na la pili walikuwa na mwaka mmoja na nusu. Sisi tangu giza letu la Aprili 2024 tumepata muda zaidi ya huo. Tumeutumia kwa kazi gani?

Hapa hatuna budi kujisema wenyewe. Katika mikutano yetu tumeomba nguzo, tumeomba transfoma, tumeomba kila nyumba iwekewe umeme. Tulifanya haki. Lakini hatukuuliza hata mara moja kama jenereta ya hospitali ina mafuta. Siku moja katika safari zetu za matawi tulifika kwenye kituo kimoja cha afya, jina lake tunaliacha. Jenereta ilikuwapo, imesimama kwenye kibanda chake, rangi yake bado inang'aa. Betri ilikuwa imekufa. Dizeli haikuwamo. Ufunguo alikuwa nao mtunza stoo, naye alikuwa amekwenda msibani. Mkunga alituambia kwamba usiku uliotangulia alimzalisha mama mmoja huku ameshika simu kwa meno ili apate mwanga wa kuona. Mama na mtoto walikuwa wazima, twamshukuru Mungu na mkunga yule. Lakini taifa huru halipaswi kujengwa juu ya meno ya mkunga.

Wako watakaosema: mbona Bwawa la Julius Nyerere limekwisha kujengwa, megawati 2,115, shida iko wapi? Twajibu kwamba bwawa lile ni fahari yetu, lakini limejengwa ili kuzalisha umeme mwingi. Halikujengwa ili kuuzuia mti usiangukie waya wa Musoma. Wengine watasema ajali haina kinga. Kweli, ajali haina kinga. Lakini giza linalofuata ajali lina kinga, nayo ni mpango ulioandikwa kabla ya siku yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba katika Afrika kusini ya Sahara ni nusu tu ya hospitali zenye umeme wa kutegemewa. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa Mara peke yake. Hiyo si sababu ya kuuzoea.

Basi twataka mambo gani? Kwanza, iandikwe orodha ya nyumba zinazotangulia: hospitali na vituo vya afya, pampu za maji, zimamoto na polisi, mitambo ya mawasiliano. Orodha hiyo ijulikane na kila mtu, asije mkubwa akaifanya ofisi yake kuwa ya kwanza.

Pili, pale inapowezekana, hospitali na pampu zipewe laini yake peke yake. Mgonjwa akiunganishwa kwenye laini moja na baa, fundi hawezi kuikata baa bila kumkata mgonjwa.

Tatu, ndani ya hospitali vyumba vya hatari viwe na waya wao wa dharura. Jenereta moja ikibebeshwa birika za chai na viyoyozi vya ofisi itazimika, na kwa kuwa huchukua muda kuwaka, taa ya upasuaji lazima iwe na betri yake.

Nne, mafuta ya siku tatu yawekwe na yaandikwe katika daftari. Jenereta iwashwe kila wiki na ibebeshwe kazi kweli, isiwe kunguruma tu. Na ufunguo uwe na watu wawili wenye majina, usiku na mchana.

Tano, zahanati za vijijini Butiama na Bunda zipatiwe umeme wa jua kwa ajili ya taa na jokofu la chanjo, pamoja na fedha ya kubadilisha betri. Umeme wa jua usio na fedha ya betri ni mapambo ya bati.

Je, fedha itatoka wapi? Mengi katika hayo hayahitaji mkopo wa nje wala mtaalamu kutoka Ulaya. Daftari, ufunguo wa pili na zamu ya kuwasha mashine kila wiki havizidi uwezo wa mji wetu. Sheria nayo ipo: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa mpaka ngazi za chini. Kamati isiyokutana mpaka maafa yatokee ni kamati ya mazishi.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Anayefyonza dizeli ya hospitali aiuze kwa lita, na anayekata waya wa shaba usiku, hao ni maadui wa umma hata kama ni jirani zetu. Tusiwafiche. Na anayenunua mafuta hayo akijua yametoka wapi hana tofauti nao.

Kwa hiyo twaagana na matawi yetu kwa kazi moja. Katika mkutano ujao, kila tawi lichague watu watatu, mmoja wao awe mama, waende kwa adabu kwenye kituo cha afya kilicho karibu wakaulize maneno manne: jenereta au betri iko? Mafuta ni ya siku ngapi? Iliwashwa lini mara ya mwisho? Ufunguo anao nani? Majibu yaandikwe na yasomwe mbele ya wanachama wote, kisha yapelekwe kwa diwani na kwa halmashauri. Wakirudi na majibu mema, tutawapigia makofi watumishi wa kituo hicho. Wakirudi bila majibu, tutakuwa tumejua mchana lile ambalo tungelijua usiku kwa msiba.