Mbuzi Azaapo Uani



Mwaka uliopita tuliitwa katika nyumba moja ya mtaani kwetu tukamsomee mama aliyeandamwa na homa. Ikija na kuondoka, jasho likimtoka usiku hata shuka zikalowa, na mwili ukikonda. Alikwisha kumeza dawa za malaria mara mbili, na za homa ya matumbo vilevile. Damu yake ilioteshwa maabara, pasionekane kitu. Watu wa nyumbani wakasema ni kijicho. Tulisoma siku tatu, na kisomo hatukijutii. Tunalojutia ni kwamba siku zote tatu tuliwasikia mbuzi wakilia uani, tusiulize neno.

Aliyeuliza ni daktari. Alimsikiliza moyo, akasikia mvumo usio wa kawaida. Kumbe homa ya utotoni ilikuwa imemharibia kilango kimoja cha moyo, kile waganga wa hospitali wakiitacho vali. Kisha akauliza kama nyumbani kuna mifugo, na ni nani huizalisha. Mama akajibu kuwa ni yeye, kwa mikono yake mitupu, na kwamba miezi michache nyuma mbuzi wawili walitupa mimba. Akapimwa damu kwa njia nyingine, ya kutafuta kinga ambayo mwili huitengeneza unaposhambuliwa. Ikaonekana ni homa ya Q.

Jina hili geni limetoka Australia. Katika miaka ya 1930, daktari Edward Derrick alichunguza homa iliyowapata wafanyakazi wa machinjio mjini Brisbane, asijue sababu yake, akaipa herufi ya mwanzo ya neno la Kiingereza lenye maana ya swali. Baadaye ikajulikana kuwa ni bakteria aitwaye Coxiella burnetii, akaaye kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe. Hujaa zaidi katika kondo la nyuma na maji ya uzazi. Mnyama azaapo, au atupapo mimba, bakteria humwagika mchangani, huishi humo miezi, na hupeperushwa pamoja na vumbi. Kumvuta puani tu kwatosha. Huko Uholanzi, baina ya 2007 na 2010, waliugua watu zaidi ya 4,000, na wengi wao hawakuwa wafugaji bali majirani wa mabanda ya mbuzi.

Wengi waambukizwao hawaugui, au hupata homa ikapita. Khofu kubwa ni kwa wenye vilango vya moyo vilivyoharibika, au vilivyowekwa kwa upasuaji. Kwao bakteria huweza kujificha hapo miezi, hata miaka, akivila polepole. Na kwa kuwa huishi ndani ya seli, haoti katika kipimo cha kawaida: majibu hutoka safi na mgonjwa azidi kudhoofu. Wajawazito nao wana khatari yao, kwani mimba huweza kuharibika.

Hatusemi watu waache kufuga, Mitume walichunga. Lakini twajua kwamba katika nyumba zetu kazi ya zizi ni ya akina mama, nasi wanaume twaonekana siku ya kuchinja. Basi mjamzito na mwenye maradhi ya moyo asimkaribie mbuzi azaaye. Amsaidiaye avae glavu na barakoa, kondo lizikwe mbali kwa kina lisifukuliwe na mbwa, na maziwa yachemshwe. Na homa isiyokwisha ikimpata mtu, amwambie daktari khabari za mifugo kabla hajaulizwa.

Mama yetu anatumia dawa za aina mbili, ambazo muda wake haupungui miezi 18. Yumo katika mwezi wa 11, na homa imemwacha, alhamdulillah. Mbuzi sasa huzalishwa na mumewe, ambaye hulalamika kuwa glavu zinamtoa jasho.

Wabillahi tawfiq.