Maisha ya mwandishi si karatasi ya matanga

Kila mara mwandishi ao mwimbaji anapokufa kwetu, mtu anasimama kwenye matanga na kusoma karatasi: alizaliwa mwaka fulani, alipata diploma fulani, ameacha mjane na watoto sita. Halafu karatasi inarudi mfukoni. Nasema wazi: ile si historia ya maisha. Ni kitambulisho cha marehemu.

Mwenzangu mmoja wa kazi ananijibu: "Mwalimu, mutu anakufa, kitabu njo kinabakia. Tusome kitabu tu." Neno lake linapendeza, lakini ni uvivu.

Tuchukue Paul Lomami Tshibamba. Wanafunzi wanajua Ngando, mwaka wa 1948, zawadi kule Ubelgiji. Basi! Nani anawaambia kwamba mwaka wa 1945, katika gazeti La Voix du Congolais, aliuliza nafasi yetu itakuwa gani katika dunia ya kesho, na kwamba swali lile lilimletea taabu na serikali ya wakoloni? Anayejua vile hawezi kusoma tena habari ya yule mamba sawa na hadithi ya kulalisha watoto.

Lakini kuna kosa la pili, na mimi mwenyewe nililifanya. Nilifundisha Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert kama vile Karama, anayeshitakiwa mbele ya mfalme juu ya kufundisha sheria, njo Shaaban mwenyewe, karani wa serikali ya Waingereza. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, nani alikuambia?" Nikakosa jibu. Kati ya mtu na kitabu chake kuna njia, lakini hawakai nyumba moja. Mwenye kuandika maisha ya watu lazima atafute barua, majirani, mashahidi.

Shaaban alituonyesha mfano. Aliandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyekufa mwaka wa 1950, mama aliyeanza kwa kuuza vyungu. Hakungojea Mzungu afanye ile kazi.

Na sisi? Mwaka wa 2002 Nyiragongo iliunguza nyumba pamoja na karatasi zake. Vita navyo vinatawanya watu. Hapa Katoyi wako wazee watunzi wa nyimbo na hadithi, daftari zao ziko chini ya kitanda. Walimu, tuwatume wanafunzi wakawaulize wangali hai: ulijifunzia wapi? Nani alikukataza? Nini ulikitupa? Tukingojea matanga, tutasomewa paka ile karatasi.