Tohara bila ganzi si ushujaa

Ndugu Waislamu, likizo ya Desemba ndiyo msimu wa tohara kwa familia nyingi hapa Sanya Juu. Na bado wapo wazee wanaosema mtoto wa kiume apashwe tohara "kavu", bila ganzi, ili awe jasiri. Sisi neno hili tunalipinga. Tohara ni katika fitra, lakini kilio cha mtoto si sharti la tohara. Mtume (s.a.w.) amemwamrisha anayechinja anoe kisu chake ili mnyama asiteseke. Ikiwa mbuzi ana haki hiyo, mwanao je?

Tutazame maumivu yanavyosafiri. Ncha za neva katika ngozi zina milango midogo mno. Kisu kikikata, milango hufunguka, chembe za sodiamu (ile ile iliyomo katika chumvi ya mezani) huingia ndani ya neva, na umeme mdogo huzuka na kukimbilia kwenye ubongo. Dawa ya ganzi, lignokaini, huiziba milango hiyo. Habari haifiki, basi mtoto hana cha kuvumilia.

Mambo hayaishii kwenye kisu. Jeraha hutoa asidi na kemikali nyingine zinazozifanya neva ziwe nyepesi kushtuka. Upo mlango unaofunguliwa na pilipili na pia na joto. David Julius wa Marekani na wenzake waliutambua mwaka 1997, naye akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kwa kawaida hufunguka joto likifika nyuzi 43 hivi. Penye jeraha huweza kufunguka hata kwa joto la kawaida la mwili. Kwa hiyo mama akimwosha mwanawe kwa maji ya vuguvugu, kwa baridi yetu hii ya mlimani, na mtoto akalia kuwa anaungua, asimgombeze kwamba anadeka. Kwa neva zake, anaungua kweli.

Ganzi huisha baada ya saa moja au mbili. Parasetamo, kwa kipimo cha uzito wake, apewe kabla haijaisha, si baada ya kilio kuanza. Aspirini asipewe mtoto. Na wewe mzazi, kabla ya siku yenyewe, uliza: ganzi ipo, na atakayeichoma amesomea? Ukijibiwa kwamba watoto wa mwaka jana walivumilia, mchukue mwanao ukatafute kwingine.