Njegere Zipande Mlima wa Nyabugogo
Safu ya Jumamosi, na Zainabu Uwimana

Njegere za soko la Nyabugogo, hapa Kigali, tunazila zikiwa zimechoka. Nyingi zimeshuka kutoka milima yenye baridi ya kaskazini, Gicumbi, Burera na Musanze, na tangu zilipochumwa sukari yake inageuka wanga, na joto la bonde letu linaongeza kasi. Muuzaji hana kosa. Anazimenya mbele yako, punje za kijani zinazong'aa, na bado ukizipika zinakuwa na unga mdomoni. Anayetaka utamu wenyewe achume wakati sufuria iko jikoni tayari, na hilo analiweza mwenye mmea uani tu.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia: familia za Kimisagara, Gatsata na Muhima ziipe njegere nafasi katika akarima k'igikoni. Kwa miaka mingi tumehimizwa kuwa na bustani hizo za jikoni ili watoto wasipate utapiamlo, nasi tumezijaza dodo (mchicha), kabichi na vitunguu. Mboga njema zote. Ila mtoto anahitaji na protini, na punje ya njegere inayo.

Bondeni sishauri. Kinamasi cha Nyabugogo ni miongoni mwa vile ambavyo jiji linavirudishia hali yake ya asili, na tukiache kipumue. Tena njegere huoza mizizi pale maji yanapotuama. Mtelemko wa uani ndio mahali pake, na asiye na ardhi atoboe kiroba chini, akijaze udongo na samadi iliyooza vizuri, akiweke penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri.

Kigali ina joto kuliko Gicumbi, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa: mmea unarefuka, unachanua, kisha maua yanapukutika. Joto likikaribia nyuzi 30 ua halishiki. Dawa yake ni tarehe. Panda mvua za Septemba zikishika, maua yatoke Novemba chini ya mawingu. Msimu B, yaani msimu wa pili wa kilimo, panda mwanzoni mwa Machi. Fukia punje sentimita 4 hivi, achanisha kwa upana wa vidole vitatu, na uchomeke vijiti siku hiyohiyo, kwa sababu ukichelewa utaikata mizizi. Mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia weka kando. Bakteria walio katika vinundu vya mizizi huipatia njegere naitrojeni kutoka hewani.

Lakini linalonigusa zaidi ni mbegu. Ua la njegere hujichavusha kabla halijafunguka, hivyo punje utakayoitunza itazaa mmea kama mama yake. Gregor Mendel, mtawa wa Brno, aliichagua njegere kwa majaribio yake ya urithi kuanzia 1856 akijua kwamba itazaa jamii yake bila kuchanganyika. Mahindi chotara humrudisha mkulima dukani kila msimu. Njegere unainunua mara moja: nenda sokoni Nyabugogo, chagua kavu, nzima, zisizo na tundu la fukusi, uzilaze kumi katika kitambaa chenye unyevu. Zikichipua nane, panda. Kisha acha mashina yaliyozaa vizuri kuliko mengine yakauke na maganda yake. Urugaryi, kiangazi kifupi cha Januari na Februari, kinakuja kwa wakati wake kukukaushia. Changanya na majivu, funga chupani, na Machi mbegu unayo.

Mpango wa serikali ya Rwanda wa kuongeza tija ya mazao, ulioanza mwaka 2007, uliweka mbele mahindi, ngano, mpunga, viazi, maharage na mihogo. Njegere haikuwemo. Kwa mashamba makubwa naielewa hesabu hiyo, ila bustani ya hatua tano kwa tatu haina sababu ya kuifuata. Afisa kilimo wa sekta anapopita kukagua bustani mwezi Agosti, aje na kilo chache za njegere kavu na agawe punje thelathini kwa kila nyumba, kwa sharti kwamba atakayevuna arudishe sitini, ziende kwa majirani wa Msimu B.