Kamba ya Kuanika Nyumbani kwa Mwenyeji



Mfunguo Mosi umeingia, na kama ada ya visiwani, harusi zimeongozana. Wengi wetu tuna jamaa ng'ambo: Tanga mjini, Pangani, Mkinga, hadi Mombasa. Tunavuka kwa meli, au tunashuka Dar tukapanda basi. Doti za kanga zimekunjwa, viatu vya harusi vimefungwa, udi umetiwa kwenye kikopo chake. Jambo moja hakuna anayelitaja mpaka limfike: hedhi ikija safarini.

Safari moja tulikuwa wanawake kumi na tisa katika nyumba moja ya Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Bafu moja, choo kimoja. Asubuhi ya siku ya tatu godoro moja lilitolewa nje, na chini yake vikaonekana vitambaa vitatu vya hedhi. Vilikuwa vimefuliwa vizuri, havina doa, lakini vimekunjwa vikiwa vibichi na vimeanza kunuka uvundo. Kila mtu akatazama pembeni. Mwenye navyo alikuwa binti wa miaka kumi na tisa aliyekuja kumsindikiza dada yake. Vitambaa vikatiwa motoni bila neno. Binti akamaliza harusi kwa kuombaomba pedi kwa wenzake, na usiku wa kesha la ngoma alikaa kona moja hadi alfajiri, hakuinuka.

Tumelizungumza jambo hili mara nyingi tangu siku ile, na rai yetu ni hii. Vitambaa vya kufua vinafaa safarini, na kwa mwambao wetu vinafaa kuliko pedi za kutupa. Kilichomponza binti yule ni kukosa mahali pa kuanika, na waliopaswa kumwonesha mahali hapo ni sisi tuliomzidi umri.

Tuanze na pedi za kutupa, maana ndizo zinazosifiwa kuwa nyepesi kwa safari. Ni nyepesi kwa anayezitia kwenye pipa na kuondoka. Mwanamke wa kwetu hafanyi hivyo. Amefundwa kwamba damu yake haionwi na mtu wala haichezewi, kwa hiyo pedi anaifua kwanza, anaikamua, ndipo aitupe. Yaani anatumia maji na sabuni na muda uleule wa kufua kitambaa, halafu mkononi habaki na kitu. Na aitupe wapi? Chooni kwa mwenyeji kinajaa, kwenye taka mbwa na kunguru wanachokora, kuchoma inabidi uombe kiberiti na ueleze sababu. Tumewahi kurudi na furushi la pedi zilizofuliwa mpaka kisiwani kwa kukosa pa kuzitupa. Cheka, lakini nawe umeshafanya.

Bei nayo ni yake. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka na nafuu haikumfikia mlaji. Mwenye mabinti watatu nyumbani anajua hesabu hiyo bila kusomewa bajeti.

Wapo wanaosema kitambaa ni mambo ya kizamani, bi harusi wa leo hafai kuonekana navyo. Sawa, ni ya kizamani. Ni ya zamani za Asmaa bint Umays, mke wa Sayyidna Abubakar, aliyejifungua Dhul-Hulayfa katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijria, safari ndiyo kwanza inaanza. Hakurudishwa nyumbani. Aliambiwa aoge, ajifunge kitambaa, ahirimie, aendelee na wenzake. Katika safari hiyohiyo Bibi Aisha alipatwa na hedhi walipofika Sarif, karibu na Makka. Alilia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuliza kwamba hilo ni jambo Mwenyezi Mungu aliloliandika kwa mabinti wa Adam, na akamwelekeza afanye yote wanayofanya mahujaji isipokuwa kutufu.

Na kuna kisa kingine ndani ya Sunan Abu Daud, ambacho wanazuoni wa hadithi wametaja udhaifu katika mlolongo wa wapokezi wake, nasi tunakisimulia kwa adabu hiyo. Binti wa kabila la Ghifar alikuwa safarini, amepandishwa kwenye mzigo nyuma ya kipando cha Mtume, na ndipo ilipomjia hedhi yake ya kwanza. Damu ikashika mzigo. Akajikunyata kwa haya. Mtume akatambua, akamwambia achukue chombo cha maji atie chumvi, aoshe palipoingia damu, kisha arudi kwenye kipando chake. Inasemwa mama huyo hakuacha kutia chumvi kwenye maji yake ya kujitwaharishia hadi uzeeni. Tunapokisoma kisa hiki tunamkumbuka binti wa Ngamiani na ile kona yake.

Zamani kwetu kazi hii ilikuwa ya somo. Mwari alipovunja ungo, somo yake alimfundisha kukata sodo kutoka kanga kuukuu, kuikunja, kuifua, kuianika, na kujua siku zake. Ndoa ilikuja baadaye. Siku hizi tunalipa fedha nzuri kwa kungwi wa siku mbili kabla ya harusi, na mafunzo yote yamehamia chumbani: singo, shanga, mafusho, namna ya kumpokea mume. Yote mazuri. Lakini tumeona mabibi harusi wanaojua aina saba za udi na hawajui kwamba damu huoshwa kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha kwenye uzi. Mwalimu kama huyo apunguziwe malipo.

Basi tuseme yale ambayo somo angesema kwa anayevuka kwenda Tanga.

Kwa safari ya siku nne au tano chukua vitambaa vinane hadi kumi, vya pamba, vyenye tabaka na vifungo vya kushika chupi. Fundi cherehani yeyote anaweza kukushonea kwa kanga kuukuu na taulo laini ndani. Visiwe vipya: vifue mara mbili tatu kabla ya safari, maana kitambaa kipya hakinyonyi vizuri. Miaka hii Mfunguo Mosi unaangukia masika, na Tanga wakati wa masika nguo hushinda kambani siku nzima na jioni ungali unaikamua, kwa hiyo ongeza viwili vitatu. Kikigoma kukauka, pasi ya moto inamalizia.

Beba pia mfuko wa kitambaa wenye bitana isiyopitisha maji. Mifuko ya plastiki tuliyozoea kufungia imepigwa marufuku bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwetu Zanzibar marufuku ilitangulia. Ukishabadilisha, kunja upande wenye damu ndani, funga kifungo, tia mfukoni.

Basi la Dar hadi Tanga lina mwendo wa kilomita kama 350. Ukingoja kushikwa ndipo utafute choo, utajikuta dereva amesimama porini abiria wachimbe dawa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na wewe umeshika mkoba hujui uinamie wapi. Badilisha kabla ya kupanda, kisha kwenye kituo kikubwa cha kwanza chenye choo cha kulipia, hata kama hujisikii. Ukifika Muheza, wauza machungwa wakigonga dirisha, umebakiza kidogo, unaweza kuvumilia mpaka stendi ya Kange. Kwenye meli ni rahisi zaidi, ila nenda mapema kabla bahari haijachafuka na wenye kutapika hawajakutangulia. Vaa rangi nzito, na kanga moja iwe kiunoni chini ya baibui.

Suala tunaloulizwa sana: nimetoharika njiani, nimekoga, nataka kuswali, na mkobani nina kitambaa kisichofuliwa. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, anayeswali huku amebeba najisi swala yake haisihi. Vua mkoba, uweke kando pasipogusana na mwili wala nguo zako, uswali. Ukishamaliza, uchukue wako. Na kitambaa ukikifua mpaka maji yakatoka safi, rangi iliyong'ang'ania baada ya kujitahidi imesamehewa. Bibi Asmaa bint Abubakar ametupokelea mafundisho ya nguo iliyoingia damu ya hedhi: ikwanguliwe, isuguliwe kwa maji, ioshwe, na iswaliwe nayo. Hatutaji haya kuwa mtu aswalie sodo yake. Tunamjibu yule anayeogopa kwamba kitambaa kilichoshika damu kinabaki najisi maisha yake yote.

Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana munyu, sabuni haitoki povu. Usitie sabuni kwanza. Loweka kwa maji baridi, mwaga, rudia, sabuni iwe mwisho. Munyu wenyewe haukudhuru. Mama wa Ghifar aliutia kwa makusudi.

Na kikombe cha hedhi? Mabinti wa mjini wanatuuliza kila siku. Ni kitu kizuri kwa msafiri: kinakaa ndani hadi saa nane au zaidi kwa kadiri ya maelekezo ya mtengenezaji, hakihitaji kamba, na kimoja hudumu miaka. Mwanamke aliyeolewa na aliyekizoea, asafiri nacho kwa raha zake. Mwenye kitanzi cha uzazi amuulize muuguzi kwanza, kwani kukivuta vibaya kunaweza kukitoa kitanzi. Tatizo la safarini ni mikono safi, na kile cha kuchemshia. Hakuna bi harusi atakayechemsha kikombe chake kwenye sufuria ya mama mkwe. Beba sufuria yako ndogo au kichemshe nyumbani kabla na ukirudi.

Kwa bi harusi ambaye hajaingia ndani, hatusemi kukitumia ni dhambi. Tunasema asianze kukijifunza wiki ya harusi. Bado ziko nyumba pwani zinazongoja kisarawanda asubuhi, ingawa Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walishatamka mwaka 2018 kwamba hakuna kipimo chochote kinachothibitisha ubikira. Sisi tungependa ada hiyo ife. Mpaka ife, bi harusi asijitwike wasiwasi wa ziada katika siku ambazo tayari hali wala halali. Vidonge vya kuchelewesha hedhi navyo, mwone daktari mapema. Usimeze vya jirani.

Tunarudi kwenye kamba, maana hapo ndipo tunapogombana na wenzetu. Baadhi ya mama zetu wanasema kuanika vitambaa vya hedhi ni kukosa haya. Haya ni sehemu ya imani, hatubishani nao hapo. Lakini nyumba zetu zina uani. Wazee walijenga ukuta wa nyuma ya nyumba ili mwanamke apate mahali pa kupika, kufua, kusuka nywele na kuanika bila macho ya mgeni, na mwanamume haingii huko bila hodi. Jua la uani ndilo linalokausha kitambaa mpaka ndani. Kitambaa kilichofichwa kibichi chini ya godoro au kwenye begi huota uvundo, na mwenye kukivaa huwashwa, akatoka vipele, akaona haya tena kwenda kumweleza daktari. Hiyo haya imemfikisha wapi?

Kwa hiyo mwenyeji wa harusi, wewe unayetandika majamvi na kuazima masufuria ya pilau mtaa mzima, ongeza kitu kimoja kwenye matayarisho. Kabla wageni hawajafika, funga kamba fupi uani upande wenye jua, mbali na jiko. Weka ndoo moja na kipande cha sabuni bafuni, viwe vya kazi hiyo tu. Mteue mama mmoja mtu mzima, si msichana, awapokee wanawake wageni na kuwaambia kwa sauti ya kawaida, kama anavyoonesha kibla na choo: "Na mwenye vitambaa vyake, kamba ile pale nyuma, vibanio vimo kwenye kikapu."

Safari ya pili tulipokwenda Tanga tulibeba kamba yetu wenyewe, mita tatu, na vibanio kumi. Mwenyeji alituuliza ya nini. Tukamwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu wake alete misumari.