Mheshimiwa, Tupe Hesabu ya Kura Yako

Kuna aina ya taarifa ambayo wabunge wetu wameizoea mno. Mheshimiwa hufika Jumamosi alasiri, amechelewa kwa saa tatu, msafara wa magari nyuma yake. Baada ya nyimbo na vigelegele huyataja aliyoyaleta: madarasa mawili, tangi la maji, basari za watoto kadhaa, na gari la wagonjwa lenye picha yake ubavuni. Wananchi hupiga makofi. Kisha huondoka, na hapana hata mmoja aliyemuuliza alipigaje kura Bungeni tangu mwaka uanze. Sisi wa jarida hili twasema kwamba hiyo si taarifa. Ni tangazo la biashara.

Wasomaji wetu wa makamo wanaijua bei iliyolipwa ili mbunge aweze kusimama mbele ya waliomchagua na kusema nao. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Desemba 1992. Lakini hata baada ya hapo, mbunge wa upinzani hakuweza kuitisha mkutano wa hadhara katika eneo lake mwenyewe pasipo leseni ya utawala wa mkoa. Leseni ilinyimwa, au ilitolewa Ijumaa ikafutwa Jumapili asubuhi, watu wakiwa wamekwisha kukusanyika, na rungu na gesi ya kutoa machozi zikawa ndizo hotuba ya siku. Ni mapatano ya IPPG ya mwaka 1997 yaliyoiondoa leseni hiyo, ikabaki kuwapa polisi ilani tu. Tangu hapo mbunge hana wa kumzuia kuja kwetu. Anayenyamaza sasa amejifunga mdomo mwenyewe.

Tuanze na afya, maana huko ndiko udanganyifu umekita mizizi. Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 yasema katika ibara ya 43 kwamba kila mtu ana haki ya kufikia kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Katiba hiyo hiyo, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti kwa serikali za kaunti, na serikali ya taifa ikabaki na sera pamoja na hospitali kuu za rufaa. Hata hazina ya ustawi wa maeneobunge ilifungiwa na sheria ya mwaka 2015 katika kazi za serikali ya taifa. Basi mbunge anayejipiga kifua kwamba yeye ndiye mwenye zahanati ya kijiji ama hajui kazi yake, ama anatumaini sisi hatuijui. Kazi aliyopewa na ibara ya 95 ni kuwakilisha, kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa na kuikagua serikali.

Wala asidhani kwamba kazi hiyo ni ndogo kuliko kununua gari la wagonjwa. Novemba 1999 ukimwi ulitangazwa kuwa janga la taifa. Dawa za kurefusha maisha zilikwisha kupatikana duniani, lakini bei yake ilikuwa ya matajiri, kwa kuwa kampuni zenye hataza ndizo zilizoipanga. Mwaka 2001 Bunge lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua mlango wa kuingiza nchini dawa za bei nafuu kutoka mahali pengine. Hakuna mbunge aliyeandika jina lake ubavuni mwa kopo la dawa hizo. Hata hivyo, wapo wazazi waliowalea watoto wao hadi utu uzima kwa sababu ya dawa ambazo sheria ile iliisaidia nchi kuzipata.

Sasa tumtazame mbunge wa siku hizi kwa kipimo hicho. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, na tarehe 1 Oktoba 2024 mamlaka mpya ya SHA ikachukua nafasi ya NHIF iliyokuwapo tangu 1966. Mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Tuseme kweli hata isipotufaa katika mabishano: mwenye mshahara wa shilingi 20,000, aliyekuwa akikatwa 750 na NHIF, chini ya kiwango hicho hukatwa 550, na mwenye 100,000 hutoka 1,700 hadi 2,750. Katika hilo kuna haki fulani. Bali mwuza mboga asiye na mshahara, aliyezoea kulipa 500 kila mwezi, aliulizwa kuhusu paa la nyumba yake na moto anaopikia, akakadiriwa mchango, kisha akatakiwa aulipe wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Ni mbunge gani aliyekuja kumweleza mama huyo, kabla ya kura kupigwa, jinsi hesabu hiyo itakavyofanyika? Na je, nani aliyemuuliza yeye maoni yake, ili ayapeleke Bungeni?

Usawa nao una hesabu yake. Mwaka 1992, kati ya viti 188 vya kuchaguliwa, wanawake walitwaa sita. Mwaka 1997 Bi. Phoebe Asiyo, mbunge wa Karachuonyo, aliwasilisha hoja ya kuwaongezea wanawake nafasi, ikakataliwa. Katiba ya 2010 ikaja na agizo lisilo na kona: jinsia moja isizidi theluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Mahakama ya Juu ilisema Desemba 2012 kwamba sheria ya kulitekeleza agizo hilo ipatikane kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe ikapita. Mwaka 2016 mswada ukaanguka. Tarehe 27 Februari 2019 ukaletwa mwingine. Zilihitajika kura 233, zikapatikana 174. Mswada huo ulishindwa na viti vitupu zaidi kuliko hoja za waliousimamia upande wa pili. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kosa hilo, na Bunge halikuvunjwa. Mwaka 2022, katika maeneobunge 290, wanawake waliochaguliwa walikuwa takriban 30.

Kwa hiyo mbunge yeyote aliyekuwamo Bungeni Februari 2019, akija tena kutusifia akina mama kwa kucheza ngoma ya kumlaki, na aulizwe swali moja: siku ile ulikuwa wapi? Aliyepinga ana haki ya kutueleza sababu zake, nasi tutamsikiliza. Aliyetoroka kikao hana hata hiyo.

Vijana walikwisha kuonyesha kwamba swali la namna hii laweza kuulizwa. Juni 2024 waliwapigia wabunge simu mmoja mmoja kuhusu Mswada wa Fedha. Tarehe 25 mswada ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo damu ilimwagika mitaani, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Majina ya waliosema ndiyo na waliosema la yalizunguka nchi nzima. Laiti yangezungushwa hivyo kila mara, na si pale tu nchi inapowaka moto!

Tunapendekeza, basi, kwamba kila mbunge atakayeitisha mkutano aje na kumbukumbu rasmi za Bunge mkononi, asome kura zake za afya na usawa, na ataje vikao alivyokosa. Orodha ya waliopata basari ibandikwe ukutani pamoja na vigezo vilivyotumiwa, ili yatima asiye na mjomba kamatini ajue kwa nini jina lake halimo. Na mkutano wenyewe uwekwe saa nne asubuhi, karibu na soko au zahanati, si saa kumi na moja jioni uwanjani, wakati mwenye mtoto mgongoni na maji ya kuteka hawezi kuja kuuliza lolote.