Fundi, Weka Bisibisi Chini

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Leo naacha mambo ya programu nizungumzie tabia moja inayoniudhi.

Juzi nilipeleka kompyuta kwa fundi. Akafungua pawasaplai, akagusisha miguu miwili ya kapasita kubwa kwa bisibisi. Pwaa! Cheche, harufu ya kuungua, ncha ya bisibisi imeliwa. "Moto umekwisha, kijana," akaniambia akicheka. Kando yake mwanagenzi alikuwa akitazama na kujifunza.

Umekwisha, ndiyo. Lakini ulikwenda wapi?

Tupige hesabu. Nishati ya kapasita ni nusu ya uwezo wake, mara volti, mara volti tena. Umeme wetu wa volti 240 ukishanyooshwa na dayodi hufikia karibu volti 340. Kapasita ya mikrofaradi 330 hapo hubeba takriban jouli 19. Uimalize kwa rezista au kwa bisibisi, zote 19 zitapotea, nyingi zikiwa joto. Tofauti ni muda na mahali. Bisibisi inazimwaga kwa kufumba na kufumbua, kwa mkondo unaoweza kufika mamia ya ampea, na kinachoumia ni kapasita, sakiti au jicho lako. Rezista ya kiloomu 10, wati 5, inazimaliza taratibu. Baada ya sekunde 17 hivi, zimebaki chini ya volti 3.

Kuna wanaodhani waya mnene huokoa nishati. Haya, chukua kapasita yenye volti 10, iunganishe na pacha wake aliye mtupu. Chaji inagawanyika sawasawa, kila moja inabaki na volti 5. Jumlisha nishati: ni nusu tu ya ile ya mwanzo! Waya mnene huipoteza haraka, mwembamba polepole. Kiasi ni kilekile. Ndiyo maana pawasaplai za kisasa hupitisha umeme kwenye koili, ambayo huihifadhi nishati kwa muda badala ya kuichoma.

Kwa hiyo sikubali kwamba bisibisi ni "uzoefu". Ni mazoea tu. Rezista haifikii bei ya chakula cha mchana. Chomoa waya wa ukutani, shika rezista kwa koleo lenye mpini wa plastiki, subiri, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa chochote. Yule mwanagenzi kesho atafanya alichokiona leo.

Mafundi mnaosoma hapa, mnasemaje?